Afya ya Jamaa: Uvimbe Usiojulikana Jina Lake



Watu wa Kiwanja, katika wilaya ya Rutshuru, ni watu wa kazi ya mwili. Wengine huamka alfajiri kwenda kulima maharage na mahindi, wengine hubeba mizigo sokoni, wengine husukuma chukudu zilizojaa makaa. Mtu wa kazi namna hiyo hashangai akiona uvimbe pajani au begani. Hujisemea, "Nimegongwa na mzigo." Mke wake humkanda kwa maji ya moto, jirani huleta majani ya kubandika, mwezi wapita, na mwezi wa pili. Kwa kuwa uvimbe hauumi, husahauliwa. Siku unapokuwa mkubwa kama embe, ndipo jamaa yote hukutana na kuuliza: ni ugonjwa gani huu, na nani ameutuma?

Leo twataka kulijibu swali la kwanza. La pili litajibiwa njiani.

Madaktari wanayo orodha ndefu ya uvimbe wa mwili wa binadamu, na katika orodha hiyo mna jina moja ambalo watu wachache hapa petu wamelisikia, nalo ni sarkoma. Neno hili limetoka katika lugha ya Kigiriki, ambamo sarx maana yake ni nyama. Ni kansa inayoanzia katika nyama zenyewe, si katika ngozi ya juu wala katika utando wa ndani wa matumbo, matiti au mlango wa uzazi. Ninyi wanafunzi, chukueni daftari mchore mguu uliokatwa kwa upana. Nje kabisa kuna ngozi. Katikati kuna mfupa. Yote yaliyo baina ya hayo mawili, yaani mafuta, misuli, kano, neva, mishipa ya damu na mishipa ya limfu, huitwa tishu laini. Kila moja ina chembe zake, na chembe hizo huzaana kwa utaratibu: ya zamani ikifa, mpya hushika nafasi yake. Utaratibu huo ukivunjika katika chembe moja, watoto wake huzaana bila kusikia amri, nao wakiwa wengi twauona uvimbe.

Uvimbe wa namna hiyo ni wa aina mbili. Uko mpole, na uko mkali. Ule mpole ni kama jirani anayeongeza chumba juu ya chumba katika kiwanja chake mwenyewe: aweza kukubana, lakini ua wako hauvuki. Ule mkali hung'oa ua, huingia katika shamba lako, kisha hutuma watoto wake kwa njia ya damu wakajenge mbali. Watoto wa sarkoma mara nyingi hukimbilia mapafuni. Ndiyo maana daktari aliyeona uvimbe wa paja huagiza picha ya kifua, na mgonjwa hushangaa akidhani daktari amekosea mahali.

Tuseme upesi neno la kutuliza moyo. Sarkoma ni nadra. Katika watu wazima mia moja wenye kansa, mmoja hivi tu ndiye mwenye sarkoma. Kwa watoto fungu lake ni kubwa zaidi. Tena, kwa kila uvimbe mmoja mkali wa tishu laini kuna uvimbe mpole mia moja, au hata zaidi. Basi aliye na kinundu mgongoni asianze kuandika wasia leo.

Uvimbe mpole ulio wa kawaida kuliko wote ni lipoma, uvimbe wa mafuta. Hukaa chini tu ya ngozi, mgongoni, begani, shingoni au katika mkono. Ukiusukuma kwa kidole huteleza; ukiubonyeza ni laini kama unga uliokandwa; hukua polepole sana, hata pengine kwa miaka kumi hauonekani kubadilika. Mtu aweza kuzeeka nao. Kuna pia kifuko cha ute kinachotokea juu ya kifundo cha mkono, hasa kwa vijana. Hicho si kansa kamwe. Kuna hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu, mwekundu au wa samawati, unaoonekana kwa mtoto katika majuma ya kwanza. Wengi hupona wenyewe mtoto anapokua. Tena kuna neurofibroma, uvimbe wa neva. Mtu mmoja aweza kuwa na vinundu vya namna hiyo kumi, au mia, vimetapakaa juu ya ngozi yake pamoja na madoa ya rangi ya kahawa. Mtu huyo amezaliwa na ugonjwa wake. Hakulaaniwa, wala haambukizi, na mtoto anayekataa kukaa naye katika benchi moja shuleni afundishwe adabu. Ila yeye mwenyewe ajichunguze, kwa sababu kwa watu hao pengine kinundu kimoja cha neva hubadilika na kuwa kikali.

Katikati ya mpole na mkali kuna mmoja uitwao desmoidi. Huo hautumi watoto mbali, lakini hujipenyeza katika msuli kama mizizi ya mti katika ukuta wa udongo, na ukikatwa hupenda kurudi. Wanawake waliojifungua karibuni huupata pengine katika misuli ya tumbo.

Tena katika nchi hizi zetu kuna uvimbe mwingi ambao hauna ukoo wowote na mambo haya. Jipu la ndani ya msuli huja na homa na maumivu makali. Sindano isiyo safi yaweza kuacha jipu katika tako. Minyoo inayoletwa na wale nzi weusi wadogo wa mitoni hufanya vinundu vigumu juu ya nyonga na mbavu. Kuna henia, kuna tezi zilizovimba kwa kifua kikuu, kuna makovu yaliyoinuka, kuna matende. Na katika nchi za udongo wa volkeno kama yetu, watu waendao miaka mingi bila viatu huweza kuvimba miguu kwa udongo huo wenyewe, hata pasipo minyoo. Nani basi, kwa macho na kidole chake peke yake, atathubutu kusimama sokoni na kusema, "Huu najua ni nini"? Wako wanaothubutu. Huwa na chupa za kuuza.

Sasa tuje kwa ule mkali. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani kilichotolewa mwaka 2020 chataja aina za sarkoma zaidi ya 50. Hatutawachosha kwa zote. Yatosha kujua chache.

Liposarkoma hutoka katika mafuta, nayo huwapata hasa watu wazima. Hupenda paja, tena hupenda kujificha nyuma ya matumbo, mahali palipo na nafasi nyingi. Huko yaweza kufikia uzito wa mtoto mchanga kabla mtu hajaona neno, isipokuwa nguo zinambana na majirani wanampongeza kwa kunenepa. Leiomiosarkoma hutoka katika misuli ile inayofanya kazi bila kuamriwa, kama ya tumbo la uzazi na ya mishipa mikubwa. Ipo sarkoma ya ngozi inayofanana mno na kovu lililoinuka: hukaa miaka, hukatwa, hurudi, hukatwa tena, nayo hurudi pana zaidi.

Rabdomiosarkoma ni ya watoto, na wazazi yawapasa kuijua. Jicho moja la mtoto latokeza mbele kwa muda wa majuma machache. Au pua yaziba upande mmoja na kutoa damu mara kwa mara. Au mtoto ashindwa kukojoa. Au mvulana ana kinundu kigumu karibu na korodani, naye aona haya kumwambia mama yake. Mambo hayo hayangoji msimu wa mavuno upite.

Vijana nao wanayo yao, iitwayo sarkoma ya sinovia. Sinovia ni utando wa ndani wa kiungo. Ajabu ni kwamba sarkoma hii haitoki katika utando huo, bali ilipewa jina hilo kwa kuwa hupenda kukaa karibu na magoti na nyayo. Ni ndogo, ni ya polepole, pengine huuma kidogo. Kijana anayecheza mpira hukumbuka teke alilopigwa mwaka jana, akaridhika na sababu hiyo. Kumbuka, teke halileti sarkoma. Ila teke hutufanya tupapase mguu, na katika kupapasa twakuta kilichokuwapo tangu zamani.

Lakini katika sehemu hizi za Afrika iko sarkoma moja inayozipita zote kwa wingi wa wagonjwa, na habari zake ni ndefu.

Mwaka 1872, katika mji wa Vienna, daktari wa ngozi Moritz Kaposi aliandika habari za wanaume watano waliokuwa na madoa na vinundu vya rangi nzito juu ya ngozi. Kwa miaka mingi huko Ulaya ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa wa wazee wachache wa nchi za pwani ya Mediterania na za Ulaya ya mashariki. Kumbe Afrika ya kati ulikuwa umejaa. Mwaka 1957 daktari Thijs alichapisha taarifa juu ya sarkoma ya Kaposi katika Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1961 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kuzungumza juu ya ugonjwa huo mmoja tu. Walipochora ramani, mahali palipokuwa na wagonjwa wengi kuliko popote palikuwa hapa hapa, mashariki ya Kongo na nchi za jirani. Tafadhali msomaji, ziangalie tena tarehe hizo. Ni zamani sana kabla neno Ukimwi halijatamkwa na mtu yeyote.

Twasisitiza jambo hili kwa sababu. Katika mitaa yetu, mtu akionekana na madoa meusi miguuni, watu hunong'ona, na akisikia minong'ono hujifungia nyumbani, au huvaa suruali ndefu hata katika jua la mchana, wala hafiki kwenye kituo cha afya. Hivyo haya yamwua mtu ambaye pengine hana virusi vya Ukimwi hata kimoja. Mzee mwenye Kaposi ya namna ile ya zamani huweza kuishi nayo miaka mingi. Huanzia katika nyayo au chini ya goti, kwa madoa au vinundu vya rangi ya zambarau, kahawia au nyeusi. Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu unaoonyeshwa katika vitabu vya Wazungu hauonekani, na wauguzi wachanga wasiutafute huko. Mguu huweza kuvimba na kuwa mgumu kama gogo. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake. Kwa watoto mara nyingine hukaa katika tezi bila doa lolote la ngozi, na huko huwa mkali mno.

Kwa nini hapa petu? Mwaka 1993 daktari John Ziegler, aliyefanya kazi miaka mingi Kampala, alitoa wazo ambalo kila mtu wa Rutshuru atalisikiliza kwa makini. Alisema kwamba nchi zenye Kaposi nyingi zafanana na nchi za udongo wa volkeno, na kwamba labda punje ndogo sana za udongo huo huingia katika nyayo za watu waendao bila viatu, zikadhoofisha mishipa ya limfu ya miguu. Sisi tunaolima chini ya Nyiragongo na Nyamulagira twaujua udongo huo kuwa ni baba wa maharage yetu. Wazo lake halijathibitishwa kuwa ni kweli, lakini viatu ni vyema kwa sababu nyingine nyingi.

Chanzo chenyewe kilipatikana mwaka uliofuata, 1994, na mume na mke. Yuan Chang na Patrick Moore, waliokuwa wakifanya kazi New York, waligundua katika nyama ya Kaposi virusi ambavyo havikujulikana kabla. Virusi hivyo hupita hasa katika mate, na katika Afrika watu wengi huvipokea tangu utotoni. Walio wengi hukaa navyo maisha yao yote bila kuugua. Kinga ya mwili ikipungua, ndipo hupata nafasi. Hapo, wasomaji wapenzi, lile swali la nani ameutuma limepata jibu lake: ni kidudu kisichoonekana kwa macho, na hakikutumwa na shangazi yeyote.

Ukimwi ulipofika, Kaposi iligeuka sura. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walishangaa kuona ugonjwa wa wazee kwa vijana. Mwaka 1983 huko Lusaka, daktari mpasuaji Anne Bayley aliona kwamba Kaposi aliyokuwa akiijua kwa miaka, ile ya polepole ya miguu, imeingiwa na ndugu yake mkali: ikishika uso, kinywa, tezi na mapafu, na kuua kwa miezi. Nchini Uganda ikawa kansa iliyoenea kuliko zote kwa wanaume. Kwa hiyo leo kila mwenye Kaposi hupimwa virusi vya Ukimwi, si kwa kumshtaki, bali kwa sababu dawa zategemea jibu. Akiwa navyo, dawa za kila siku za kupunguza virusi huirudishia kinga nguvu, na kwa wengine madoa hufifia kwa dawa hizo peke yake. Kama ugonjwa umeenea huongezewa dawa za kansa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa katika nchi kama Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa hao dawa iitwayo paklitakseli hufaa kuliko zile za zamani zilizolinganishwa nayo. Akiwa hana virusi vya Ukimwi, daktari huamua kwa kadiri ya wingi wa vinundu: pengine ni kungoja na kuangalia, pengine mionzi, pengine dawa.

Mwenye shaka atazame pia ndani ya kinywa, juu ya kaakaa, kwa mwanga wa tochi. Kaposi hupenda kujionyesha hapo mapema.

Kampala hiyo hiyo ilitoa somo jingine, nalo lagusa kichwa cha makala yetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairlandi mwenye jicho moja tu zima, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo la namna hiyo. Baadaye akamwona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 aliandika habari zao katika jarida la wapasuaji, akaliita gonjwa hilo sarkoma ya taya za watoto wa Afrika. Kisu hakikuwasaidia watoto hao. Kiliharibu uso, na uvimbe ukarudi. Lakini wataalamu wa kupima nyama wa Kampala, kati yao Gregory O'Conor, walitazama vipande vyake katika hadubini, wakasema: hii si sarkoma, ni limfoma, kansa ya chembe za kinga. Jina likabadilika, na pamoja na jina ikabadilika dawa. Watoto wakapewa dawa za kansa badala ya kukatwa, na katika miaka ya 1960 baadhi yao walipona kabisa, hata wengine kwa dozi chache mno. Mwaka 1967 ndipo ilipoanzishwa Kampala taasisi ya kansa ya Uganda.

Basi fikirini. Mtoto yule yule, uvimbe ule ule, mtaalamu aliye hodari vile: chini ya jina moja afa na uso uliokatwa, na chini ya jina jingine arudi shuleni. Ni kwa sababu hiyo twasema kwa nguvu kwamba uvimbe usikatwe kabla haujajulikana jina lake.

Jina hupatikanaje? Kwanza mgonjwa aende mapema. Asingoje maumivu, kwa sababu sarkoma nyingi haziumi mpaka zimekuwa kubwa. Uvimbe uliopita ukubwa wa yai la kuku, au unaoendelea kukua, au ulio ndani ya msuli usiosogea, au uliowahi kukatwa ukarudi, huo wahitaji daktari, hata kama mwenyewe anasikia nguvu za kulima. Daktari atapiga picha ya mionzi au ya mawimbi ya sauti, kisha atachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene au kwa mkato mdogo, chini ya dawa ya ganzi. Kipande hicho hupelekwa kwa mtaalamu, naye hukikata kwembamba kuliko karatasi, akakitia rangi na kukitazama katika hadubini.

Twajua watu husema, "Ukiguswa na kisu huenea." Neno hili halikuzuka bure. Limetokana na wagonjwa waliokatwa vibaya, au waliofika wakati ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea, wakafa baada ya kisu, na kisu kikapewa lawama yote. Kipande kikichukuliwa na mtu anayejua, mahali panapofaa, njia ya sindano nayo hukatwa pamoja na uvimbe siku ya operesheni kubwa. Hatari iliyo kweli ni ile nyingine: mtu katika chumba kidogo cha dawa aona uvimbe wa paja, adhani ni lipoma, aukwangua, ashona, na nyama aitupa katika shimo la takataka. Kama ilikuwa sarkoma, chembe zimemwagika katika jeraha zima, na mpasuaji atakayefuata atalazimika kukata sehemu kubwa zaidi, pengine mguu wenyewe. Chanjo za wembe na moto wa waganga wa kienyeji hazifanyi vema zaidi.

Kwa hiyo jamaa iulize maswali mawili kabla ya operesheni yoyote ya uvimbe, kwa heshima lakini bila woga. La kwanza: "Je, daktari, jina lake limekwisha kujulikana?" La pili: "Nyama itakayotoka itapelekwa wapi?" Nyama isitupwe. Iwekwe katika chombo chenye formalini nyingi, mara kumi ya ukubwa wake, iandikwe jina la mgonjwa na mahali ilipotoka. Isiwekwe katika maji wala katika pombe ya nyumbani. Hospitali nzuri haikasiriki ikiulizwa.

Jina likiwa sarkoma, operesheni ndiyo dawa iliyo kubwa kwa aina nyingi, na mpasuaji huondoa uvimbe mzima pamoja na tabaka la nyama nzima kuuzunguka, mfano wa mtu anayeng'oa mmea pamoja na donge la udongo. Mionzi husaidia ili usirudi mahali pale. Dawa za mshipani husaidia aina fulani, hasa zile za watoto. Wengi wanaofika uvimbe ungali mdogo hubaki na mguu wao na maisha yao.

Msomaji wa Kiwanja atatuuliza: na njia? Twaijua barabara yenu. Watu wa Kiwanja walikimbia Novemba 2008, wakakimbia 2012, wakakimbia Oktoba 2022, na wakati wa vita uvimbe wa pajani si jambo la kwanza katika mawazo ya mtu. Hata hivyo mwanzo wa njia si mbali. Ni hospitali kuu ya Rutshuru, mwendo wa miguu kutoka Kiwanja, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuisaidia mwaka 2005. Huko uvimbe hupapaswa, picha hupigwa, na mgonjwa huandikiwa barua ya kwenda mbele, Goma kwa wapasuaji. Wengine hupelekwa mbali zaidi, mipaka ikiruhusu: Butaro nchini Rwanda, palipofunguliwa hospitali ya kansa mwaka 2012, au Kampala. Safari hiyo ni ghali. Ndiyo maana yafaa jamaa ikutane kuchanga pesa wakati uvimbe ungali kama ndimu, si wakati umekuwa kama embe.

Na kuna kitu kimoja kisichogharimu kitu. Kila mgonjwa aombe karatasi ya majibu ya kipimo cha nyama, aitunze mwenyewe. Karatasi hiyo ina jina la uvimbe, tarehe na mahali ulipotoka. Chini yake muuguzi aweza kuongeza dawa zilizotolewa na ni mara ngapi. Hospitali yaweza kuporwa, daftari laweza kuungua, daktari aweza kuhamishwa, na mgonjwa aliyepokea dozi tatu akafika mji mwingine mikono mitupu huanzishwa upya tangu kwenye sindano ya kwanza. Ikunjwe, itiwe katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura na kadi za chanjo za watoto, mahali ambapo mama wa nyumba ataweza kuichukua usiku bila kuwasha taa.

Juma lijalo tutaeleza sarkoma za mifupa, zile zinazowapata hasa watoto wakubwa na vijana karibu na goti.